Kuku, Muhuri wa Kiazi na Ndoa ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu aliishi na mwanaume mmoja kule Nambis kwa miaka tisa. Walijenga nyumba ya tofali za kuchoma, walilima vitunguu saumu, walimuuguza na kumzika mama wa mwanaume, walifuga mbwa ambaye katika ukoo mzima aliniuma mimi peke yangu. Halafu mwaka huu mwanaume huyo akasimama mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo, Mbulu mjini, akaapa, akajikohoza, akasema:

"Mheshimiwa, huyu mama si mke wangu. Alikuwa mfanyakazi wangu wa ndani."

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na sare zangu za shule, na kicheko kilinifika mpaka kwenye meno. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa anatazama viganja vyake. Hakimu akikubali maneno yale, mama mdogo atatoka kwenye nyumba ile na begi lake la nguo, kama mfanyakazi anavyotoka, na shamba linabaki na mwenyewe.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu mle ndani aliyekijua isipokuwa mimi na yule mwanaume, na nadhani yeye alikuwa amekisahau. Kulikuwa na karatasi aliyoandika kwa mkono wake, inayosema kinyume kabisa. Nilijua hata kabati ilimo. Shida ni kwamba karatasi hiyo ilikuwa ndani ya kitabu cha makosa cha shule yetu, kwenye ukurasa wangu, chini ya kosa langu. Na mama yangu mzazi, ambaye hakuwahi kujua kwamba mwenye kosa hilo ni mimi, alikuwa amekaa ubavuni kwangu, mkoba mapajani, akinusa hewa kama anatafuta wa kumchapa.

Basi inabidi nianze na kuku.

Nilikuwa kidato cha pili. Shule yetu ina kawaida ya kuagiza vitu. Leo kila mwanafunzi aje na jembe, kesho ufagio, keshokutwa kuni, siku nyingine ndoo ya mbolea. Wazazi wa huku hawaulizi. Tangazo likiwa na muhuri, kitu kinaletwa. Mimi nikataka kujua utii huo unaishia wapi. Nikachukua kiazi mviringo, nikakikata katikati, nikachonga muhuri wa shule kwa wembe, herufi zimegeuka nyuma mbele jinsi inavyotakiwa, nikauchovya kwenye wino. Kwa kweli ulitoka vizuri kuliko muhuri wenyewe, ambao una ufa. Nikaandika tangazo kwa mwandiko wa mkuu wa shule, ule wa kulala kama mahindi baada ya upepo: *Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili aje kesho na kuku mmoja, mzima, asiye na ugonjwa. Ugeni.*

Neno "ugeni" ndilo lililomaliza kazi. Hakuna anayehoji ugeni.

Kesho yake asubuhi walikuja kuku arobaini na mmoja. Nilihesabu mpaka nikaumwa mbavu. Wengine wamebebwa kwapani, wengine miguu imefungwa kwa kamba ya katani, jogoo mmoja amekuja kwenye begi la madaftari, kichwa nje, anaangalia paredi kama afisa elimu. Tulipoanza wimbo wa taifa, majogoo nao wakaanza wa kwao.

Ila sikuwa nimefikiria kitu kimoja. Mtoto wa jirani yetu naye yuko kidato cha pili, na alimwambia mama yake, na mama yake akamwambia mama yangu. Kwa hiyo mama alinikabidhi kuku wake wa madoadoa, tetea aliyekuwa anataga kila siku kama amesaini mkataba. "Mshike vizuri," aliniambia. "Na uwaambie walimu ni wa mama kiongozi wa kwaya." Ningesema nini? Nilimbeba kuku wa mama yangu kumpeleka kwenye uongo wangu mwenyewe.

Kufikia saa nne ukweli ulishajulikana kwamba hakuna ugeni wowote. Lakini jikoni walikuwa wameshachinja kuku watatu, na mmoja alikuwa na madoadoa. Walimu wakala, maana kuku akishachinjwa hawezi kurudishwa. Ndiyo sababu mkuu wa shule hakutaka kelele. Wazazi waliambiwa kulitokea mkanganyiko, na mwenye kosa hakutajwa paredi.

Mama yangu hakupoa. Kwa miaka miwili, kila alipopita karibu na banda, alisema, "Aliyefanya hivyo ana mzazi kweli? Huyo mzazi amelea nini?" Mimi nilikuwa naitikia, "Sijui, mama."

Mwalimu wa nidhamu ndiye aliyejua. Alikuta nusu ya kiazi kwenye begi langu, bado ina wino. Akanichapa fimbo zinazotosha, halafu akasema, "Kesho mzazi."

Hapa lazima nieleze jambo la shule yetu ambalo wageni hawalijui. Mwanafunzi akiambiwa alete mzazi, analeta bodaboda. Unamfuata kijana pale kijiweni, unamnunulia soda na chapati, anavua kofia ngumu, anakuja ofisini kuwa mjomba wako. Kuna bodaboda mmoja alikuwa mjomba wa wanafunzi saba katika muhula mmoja, wawili kati yao Wabarbaig na watano Wairaqw, makabila mawili tofauti. Mwalimu wa nidhamu alipomshtukia, akabadilisha utaratibu. Tangu siku hiyo, asiye baba wala mama aliyeorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga lazima aandike ndani ya kitabu cha makosa, kwa mkono wake, yeye ni nani wa mwanafunzi, kwa njia gani, na anathibitishaje. Kisha anaweka sahihi na dole gumba.

Mama nisingeweza kumpeleka. Nikashuka Nambis kwa miguu, nikamkuta mume wa mama mdogo anachonga mpini nje, amevaa koti lake refu la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Wakati ule bado nilimwita baba mdogo, na kwa moyo wote. Nilimweleza kila kitu. Aliweka panga chini, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kuku wangapi umesema?"

"Arobaini na mmoja, baba mdogo."

"Na wa shemeji yumo?"

"Ameliwa."

Akacheka tena, akaingia ndani kumwambia mama mdogo, nikamsikia naye anacheka huku anasema, "Dada atamuua huyu mtoto." Kesho yake baba mdogo alikuja shuleni amechana nywele. Mwalimu wa nidhamu akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ni bodaboda wa kijiwe gani?"

"Mwalimu, mimi ni mkulima."

"Wote wanasema hivyo. Andika."

Akaandika. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni ya meza, macho yangu usawa wa kalamu yake, nikasoma kila neno likitoka. Alikuwa ametoa ulimi kidogo, jinsi watu wazima wanavyoandika wakiwa hawajaandika siku nyingi. Alipomaliza akabonyeza dole gumba, akanikonyeza. Siri yangu ilikaa pale miaka miwili, na siku nikipita ofisini nilikuwa natembea kwa adabu.

Sasa turudi kwenye ndoa.

Baba mdogo alianza kwenda Babati mara kwa mara kutafuta mbegu. Mbegu gani zinazotafutwa kila wiki, hakuna aliyeuliza. Jumapili moja mama mdogo alikuwa kanisani, benchi la tatu, mchungaji akasoma matangazo ya ndoa. Ndoa ya kwanza, sawa. Ndoa ya pili, jina la bwana harusi ni la mwanaume anayelala naye nyumba moja, "kijana asiye na mke," na binti wa Babati. Mchungaji akamalizia kama kawaida: mwenye kizuizi aseme.

Mama mdogo ni mtu mpole. Hata mbwa akimfokea anasema "samahani mdudu wangu." Lakini alisimama.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

"Mimi ninacho kizuizi. Kizuizi ni mimi."

Ilibidi ndoa isimamishwe. Wakaenda baraza la kata, wakashindwana, ndipo jambo likafika mahakamani. Mimi kuanzia siku ile nilimshusha yule mwanaume cheo. Hakuwa baba mdogo tena, na nikaapa kwamba shikamoo yangu hataipata mpaka anakufa. Huku kwetu kumnyima mtu mzima shikamoo ni zaidi ya kumtukana. Nilikutana naye sokoni, nikamwambia "mambo." Mwanamke aliyekuwa anauza viazi aliangusha kopo.

Mahakamani nilidhani kazi ni ndogo. Miaka tisa! Nambis nzima inajua. Kumbe kujua kwa watu na kusema kwa watu ni vitu viwili. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna kadi ya kliniki. Hawakufunga ndoa, kwa hiyo hakuna cheti. Mahari haikutolewa, isipokuwa blanketi moja zito ambalo mwanaume alimpelekea bibi yangu, mzaa mama mdogo.

"Lile blanketi lilikuwa la nini?" hakimu alimuuliza. Hakimu wetu ni mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kwa cheni.

"Bibi alikuwa anasikia baridi, mheshimiwa. Huku ni baridi." Na karani, bila kutaka, akafunga kifungo cha sweta.

Kaka wa yule mwanaume akaja kushuhudia kwamba mama mdogo aliletwa pale kumtunza mama yao mgonjwa, basi. Mshauri mmoja wa mahakama, mama wa makamo aliyekaa kando ya hakimu anasuka kitambaa chini ya meza, akauliza:

"Mfanyakazi miaka tisa. Hakuwahi kwenda likizo hata mara moja?"

"Alikuwa anaipenda kazi," akasema yule mwanaume.

Watu wakacheka, na ndicho kilichoniuma. Walikuwa wanacheka naye.

Jirani wa kwanza tuliyemtegemea alisimama akatazama mlango. "Mimi nawaona tu. Mambo ya ndani ya watu siingii."

"Ulikuwa unamwitaje huyu mama?" hakimu akauliza.

"Jirani."

Mama yangu alisema "mh!" kwa nguvu mpaka karani akainua kichwa.

Hakimu akaeleza taratibu, kama mwalimu wa hesabu mwenye huruma. Sheria inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kama mume na mke, mahakama inaweza kuchukulia kwamba ni wanandoa hata kama hawakufunga ndoa. "Kuishi nyumba moja nimesikia," alisema. "Kutambuliwa ndiko bado sijaona. Mama, una maandishi yoyote? Picha, fomu, barua, chochote ambamo huyu bwana alikutaja kama mke?"

"Sina, mheshimiwa," mama mdogo akasema. "Hatukuwa watu wa kuandikiana."

Hakimu akaahirisha kwa wiki mbili.

Wiki ya kwanza nilijiambia kitu kitatokea. Labda jirani atapata ujasiri. Labda yule binti wa Babati ataghairi. Jioni mama alikuwa anaingia bandani, anatoka na yai moja, anasema, "Yule wa madoadoa angekuwepo!" Jumamosi nikaenda Nambis.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umefanya nini tena?"

Alikuwa amekaa barazani anafunga vitunguu saumu mafungu mafungu ya kuning'iniza darini. Nilikaa nikaanza kumsaidia. Aliniambia bila kunitazama kwamba ameshaanza kupanga vitu vyake, kidogo kidogo, asije akaondoka kwa haraka akasahau kitu. "Hii mbegu nitaomba nichukue," alisema. "Niliitafuta mwenyewe." Kuomba! Mbegu aliyoipanda miaka tisa. Ndipo nikamwambia kuhusu kitabu.

Akaacha kufunga vitunguu.

"Alijua kuandika yote hayo?"

"Ulimi nje."

Akacheka kidogo, halafu akashika mkono wangu wenye harufu ya saumu. "Hapana, mwanangu. Wakileta kitabu watasoma na kosa. Mama yako atakuwepo. Niache, nitahama tu, sitakufa."

Mimi ni mtu wa mizaha, na wengi wanadhani sina kitu kingine ndani. Lakini nilitazama ile nyumba, na yale mafungu yaliyopangwa vizuri kwa ajili ya dari ambayo hatakuwa nayo. Nikasema, "Mama mdogo, nilizaliwa nikiwa nimeshachapwa. Kaombe mahakamani hati ya wito, mwalimu wa nidhamu alete kitabu."

Siku yenyewe mwalimu wa nidhamu alikuja amevaa tai, amekumbatia kitabu kama Biblia. Yule mwanaume alipokiona kitabu, uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni.

"Soma," hakimu akasema.

"Mheshimiwa, nisome sehemu ya mlezi tu?" Mungu ambariki mwalimu yule. Alijaribu.

"Soma ukurasa wote. Mahakama haisomi vipande."

Mwalimu wa nidhamu hana sauti mbili. Ana ile ya paredi tu. Akasoma jina langu, kidato, tarehe. Akasoma: "Kosa. Kughushi muhuri wa shule kwa kutumia kiazi, na kusababisha kuku arobaini na mmoja kuletwa shuleni."

Niliangalia mbele. Pembeni yangu mama aliinamisha kichwa kama mbuzi kabla ya kupiga. Kisha benchi likalia.

"KUKU WANGU!"

"Mama, kaa chini," hakimu akasema.

"Mheshimiwa, alikuwa anataga kila siku! Miaka miwili nalala na huyu mtoto nyumba moja, namuuliza ni nani, ananiambia 'sijui mama'!"

"Mama wa kuku, kaa, au utatoka nje."

Mama akakaa. Alinishika sikio, hakulivuta, alilishika tu, kama mtu anayeweka alama mahali pa kurudi. Mshauri mwenye kitambaa alikuwa amejifunika uso nacho, mabega yanaruka.

"Endelea," hakimu akasema, na nina hakika aliuma shavu.

Mwalimu akaendelea: "Maelezo ya mlezi. *Mimi ni baba mdogo wa mwanafunzi huyu. Mama yake mdogo ni mke wangu. Tunaishi wote Nambis, huu ni mwaka wa saba, na majirani wote wanajua hivyo, ukitaka uje uwaulize. Mtoto huyu amekula kwangu tangu mdogo. Mimi siyo bodaboda.* Sahihi. Dole gumba."

Hakimu alivaa miwani, akasoma mwenyewe, akampelekea yule mwanaume kitabu.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi nisaidie. Ulidanganya shule, au unadanganya mahakama?"

Nilidhani atatafuta njia, kama lile blanketi. Akatazama kile kitabu, halafu akanitazama mimi, na sikio langu mkononi mwa mama. Pembe moja ya mdomo wake ikacheza kidogo. Kuku wale walikuwa wamempata tena.

"Shule sikuidanganya, mheshimiwa," alisema.

Hukumu ilisomwa baadaye kwa kurasa nyingi, lakini yenyewe ilikuwa hiyo. Mahakama ikawatambua kuwa waliishi kama mke na mume. Na kwa kuwa kuishi pamoja kulishavunjika, mali ikagawanywa: nyumba ikabaki kwa mama mdogo, shamba likagawanywa kwa kamba katikati. Yule binti wa Babati, nasikia, alisema atafikiria.

Mimi nilihukumiwa nyumbani, bila washauri. Likizo nzima kupalilia saumu za mama mdogo, na kuku mmoja wa madoadoa, kutoka yai mpaka kutaga, mikononi mwangu. Nina vifaranga sita sasa. Hakuna hata mmoja mwenye madoadoa. Mama anasema endelea.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeinama upande wetu wa kamba, nikaona koti refu la mvua likija upande wa pili na jembe. Nikanyooka. Nilikuwa nimeandaa "mambo" yangu nzuri kabisa. Ndipo ikaniingia kichwani kitu ambacho sikukifikiria wakati wa ushujaa. Tulikuwa tumehangaika mahakama nzima kuthibitisha kwamba yule ni mume wa mama mdogo. Hukumu ipo, ina muhuri wa kweli, siyo wa kiazi. Kama yeye alikuwa mume wa mama mdogo, basi mimi ni nani wake?

Mama mdogo alikuwa amesimama barazani, mkono kiunoni, anasubiri kuona.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema kwa meno yaliyofungwa.

"Marahaba, mwanangu." Akasimika jembe, akainamia kamba, akashusha sauti. "Vifaranga wangapi?"

"Sita."

"Mwenye madoa?"

"Hakuna."

Akaanza kucheka, na mimi nikageukia magugu haraka ili asinione.